Mpinduaji Naye Hupinduliwa

Tinde si mji wa kutajwa katika tenzi. Ni njia panda tu katika Mkoa wa Shinyanga. Atokaye Nzega akifika hapo huchagua: barabara moja itampeleka Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama, nchi ya dhahabu, kisha Lusahunga na mwisho mipaka ya Rwanda na Burundi. Kuna migahawa, kuna wauza michembe, kuna vumbi la kiangazi, na kuna malori, mchana na usiku, yenye namba za nchi nne au tano.

Asubuhi moja nilikaa hapo nikingoja gari la Kahama. Katika mgahawa palikuwa na televisheni, na katika televisheni alikuwamo ofisa mmoja wa jeshi wa nchi ya mbali, amevaa kofia yake ya kijeshi, anahutubia umati. Utingo mmoja, kijana wa makamo ya mwanangu, akanigeukia. “Shikamoo mzee. Umemwona huyo? Huyo ndiye kiongozi, hana porojo. Laiti na sisi tungepata mmoja.” Watu wakacheka, na baadhi yao wakaitikia. Pembeni alikuwapo dereva mtu mzima wa lori la Burundi. Yeye hakucheka. Alimaliza chai yake, akafuta midomo, akasema taratibu: “Mdogo wangu, kwetu wamekuja mara nne. Nikuletee mmoja?”

Makala haya ni sherehe ya maneno ya dereva yule. Lakini siyaelekezi kwa utingo. Yeye ana udhuru wa ujana na wa tumbo. Nayaelekeza kwa washairi wenzangu, ambao miaka hii wameanza tena kuwatungia wanajeshi mashairi ya sifa, wakiwaita simba, ngao na mkombozi. Mshairi hana udhuru, kwa kuwa mshairi kazi yake ni kulipima neno kabla ya kulitoa.

Basi tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimelibebesha neno “mapinduzi” mizigo miwili isiyolingana. Mzigo wa kwanza ni umma kuinuka na kuugeuza msingi wa maisha yao: ardhi, kazi, elimu, heshima ya mtu. Mzigo wa pili ni maofisa wachache kuamka saa nane za usiku, kuizingira redio na ikulu, na kututangazia asubuhi kwamba wao sasa ndio dola. Kifaransa kina maneno mawili kwa mambo hayo mawili. Sisi tunalo moja, na afaidikaye na uhaba huo ni mwenye bunduki: hujipenyeza chini ya joho la umma, na sisi humwitikia kwa jina asilolistahiki. Kwangu mimi, kitendo hicho cha pili ni unyakuzi. Nitakiita unyakuzi hadi mwisho wa makala haya, na ningependa washairi wakiite hivyo nao.

Mpwani tena ana hoja yake ya ziada. Yeye alilijua neno hili baharini kabla ya kulijua katika siasa. Chombo hupinduka. Sisi tuliopokea maiti wa Spice Islander, Septemba 2011, katika mwambao wa Nungwi, tunajua kupinduka ni nini, na hatukumwona mtu akipiga vigelegele.

Sasa tumfuate dereva hadi kwao.

Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962, ikiwa na mfalme, Mwambutsa wa Nne. Julai 1966, mfalme akiwa Ulaya, mwanawe Charles Ndizeye, kijana wa miaka 18, alimwondoa baba yake kitini, kisha akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Nyuma ya mtoto huyo alisimama mwanajeshi, Michel Micombero, ambaye ndiye aliyepewa uwaziri mkuu. Tarehe 28 Novemba mwaka ule ule Ntare alikuwa Kinshasa, amealikwa katika sherehe za kutimia mwaka mmoja wa utawala wa Mobutu. Yaani alikwenda kuushangilia unyakuzi wa jirani, na huku nyuma akanyakuliwa yeye. Mwana alimpindua baba, mlinzi akampindua mwana, na miezi mitano haikutimia.

Micombero alikuwa na umri wa miaka 26. Ufalme ukafutwa, jamhuri ikatangazwa, na baraza la maofisa likajipa jina la mapinduzi. Lakini tangu siku ya kwanza adui aliyemkosesha usingizi hakuwa mkulima wa mlimani. Alikuwa ofisa mwenziwe. Mwaka 1971 wanasiasa na maofisa wa Kitutsi, wengi wao wa upande wa Muramvya, walifikishwa mahakamani kwa shutuma za njama, ilhali watu wa Bururi, mkoa wa Micombero, wakizidi kukaza mikono yao juu ya jeshi. Machi 1972 Ntare alirejeshwa nchini kutoka Uganda, kwa mkono wa Idi Amin na kwa ahadi ya Micombero kwamba hatadhuriwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili aliuawa Gitega.

Usiku huo huo maasi ya Wahutu yalizuka kusini mwa nchi, na Watutsi wengi wakauawa. Jibu la serikali lilikuwa ni kuwamaliza Wahutu waliosoma, kwa orodha: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa chuo kikuu na wa sekondari. Makisio mengi ya waliokufa huanzia watu 100,000 na kupanda hadi 300,000. Walionusurika walivuka kuja kwetu, wakafyeka misitu ya Ulyankulu huko Tabora, na ya Katumba na Mishamo huko Mpanda. Wakalima tumbaku, wakazaa, wakazika. Zaidi ya miaka 40 ilipita kabla ya watu wapatao 162,000 miongoni mwao na wa vizazi vyao kupewa uraia wa Tanzania. Hiyo ndiyo hesabu ya unyakuzi mmoja, iliyolipwa na mtu ambaye hakuwa kambini wala ikulu.

Naye Micombero? Tarehe 1 Novemba 1976 alipinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza, luteni kanali katika jeshi lake mwenyewe. Akapelekwa uhamishoni Somalia, akafia Mogadishu mwaka 1983. Bagaza naye akaunda baraza, na baraza hilo nalo likaitwa la mapinduzi. Alijenga barabara, hilo tusimnyime. Kisha akagombana na Kanisa Katoliki, akafukuza wamisionari, akawabana mapadri. Tarehe 3 Septemba 1987 alikuwa Quebec, Kanada, katika mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa, aliposikia kwamba hana tena nchi. Aliyempindua ni Meja Pierre Buyoya, na safari hii baraza likaitwa kamati ya kijeshi ya wokovu wa taifa. Wokovu kutoka kwa nani? Kutoka kwa baraza la mapinduzi, ambalo nalo lilikuja kuwaokoa watu kutoka kwa baraza jingine la mapinduzi!

Msomaji azingatie jambo hili. Micombero, Bagaza na Buyoya, wote watatu ni Watutsi, wote watatu ni maofisa wa jeshi moja, wote watatu ni wa mkoa mmoja wa Bururi, na ndani ya mkoa huo wote watatu ni wa tarafa moja, Rutovu. Aghalabu tunaambiwa kwamba ugomvi wa Burundi ni wa Mhutu na Mtutsi, na damu iliyomwagika kwa jina hilo haina kifani. Lakini waliopokonyana kiti kwa bunduki kwa miaka 21 walikuwa watoto wa milima ile ile. Ukabila haukutosha kuwaunganisha. Wala udugu haukutosha. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na Msukuma wa Tinde, mfugaji, hahitaji kufasiriwa methali hiyo.

Mara ya nne ilikuja tarehe 25 Julai 1996, Buyoya huyo huyo aliporudi kwa bunduki. Katikati hapo palikuwa na jambo ambalo ni la kuliliwa hadi leo. Buyoya alikubali uchaguzi, Juni 1993 akashindwa na Melchior Ndadaye, akakabidhi. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule, baada ya takriban siku mia moja tu, Ndadaye aliuawa na wanajeshi. Unyakuzi ule ulishindwa kusimama hata wiki, lakini vita ulivyovizaa viliendelea zaidi ya miaka kumi na kuua watu wanaokisiwa kufika 300,000. Oktoba 2020 mahakama ya Burundi ilimhukumu Buyoya kifungo cha maisha, mwenyewe asipokuwapo, kwa mauaji yale. Aliikana hatia hiyo, na Desemba akafariki dunia.

Sasa kwa nini? Kwa nini wanyakuzi hawakai pamoja? Wako wanaosema ni tabia ya watu fulani. La hasha. Ni tabia ya kitendo chenyewe.

Tazama wachimbaji wadogo katika maduara ya Kahama na Geita. Kabla ya sururu kuingia ardhini huwa wamekwisha kubaliana mgao: fungu la mwenye eneo, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji. Mgao huo una mashahidi. Hata hivyo dhahabu ikionekana ugomvi huwapo. Seuze duara lisilo na mgao wala shahidi! Serikali iliyonyakuliwa ndiyo duara hilo. Maofisa kumi wameingia shimoni pamoja usiku. Wote wamehatarisha shingo, wote wanajiona wana haki sawa, na kiti ni kimoja. Nani awe rais? Kwa kanuni gani? Katiba wameisimamisha wenyewe. Kura hawakuiomba. Kimebaki kipimo kimoja tu, nani ana kikosi kilicho karibu na ikulu, na kipimo hicho hubadilika kila anapohamishwa kamanda mmoja.

Kwa hiyo mnyakuzi huanza kutawala kwa kuwachunga wenzake. Mlinzi wake huwekewa mlinzi. Jeshi hugawanywa vipande ili kimoja kikiasi kingine kikizime, na ofisa hodari huogopwa kuliko ofisa mjinga. Mali ya nchi hugeuka posho ya kununua utii. Na juu ya yote hayo, mnyakuzi amekwisha kumfundisha kila luteni somo lisilofutika: kwamba inawezekana. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwenye shaka aangalie ya karibuni. Burkina Faso, Januari 2022, Luteni Kanali Damiba alimwondoa rais aliyechaguliwa. Kufikia Septemba 30 ya mwaka ule ule Kapteni Traoré alikwisha kumwondoa Damiba. Sudan, Oktoba 2021, majenerali wawili, Burhan na Hemedti, walishirikiana kuipokonya nchi serikali yake ya mpito. Tarehe 15 Aprili 2023 wakageuziana mizinga ndani ya Khartoum, mmoja akiwa na jeshi, mwingine na wanamgambo walionenepeshwa kwa dhahabu ya Darfur. Mamilioni ya watu wameyakimbia makazi yao kwa sababu wawili hawakuafikiana juu ya mgao. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na abiria ndio wazamao.

Najua jibu nitakalopewa, nalo si jibu la kipuuzi. Nitaambiwa: unawalaumu wanajeshi, umewasahau raia walioiba kura, walioongeza mihula, waliowafunga wapinzani na kuwapiga risasi vijana barabarani? Umma uliofungiwa milango yote ufanye nini? Sijawasahau. Mtawala anayelipindisha sanduku la kura ndiye anayemfungulia askari lango, na lawama ya kwanza ni yake. Lakini kosa la mwenye nyumba halimfanyi mwizi kuwa fundi.

Burundi imetupa jaribio la hoja hiyo pia. Mwaka 2015 Pierre Nkurunziza aliutaka muhula wa tatu, na watu wa Bujumbura wakaingia barabarani kwa mikono mitupu. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam katika mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Meja Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kwamba amemwondoa. Watu walicheza mitaani, wakakumbatiana na askari. Lakini Niyombare alikuwa nani? Mwenzake Nkurunziza wa msituni, mkuu wa majeshi wa zamani, na mkuu wa usalama wa taifa hadi alipofutwa kazi Februari ya mwaka huo. Ugomvi wa umma ukachukuliwa na ugomvi wa wakubwa wa kambi moja. Kwa siku mbili askari walipigana na askari, redio za watu binafsi zikashambuliwa, jaribio likashindwa. Waandamanaji, ambao jana walikuwa raia wanaodai katiba, leo wakaitwa washirika wa waasi, na mkono wa serikali ukawa mzito maradufu. Watu zaidi ya 400,000 walikimbia nchi, na kambi zetu za Kigoma zikajaa upya. Unyakuzi haukuukamilisha upinzani wa raia. Uliuzika.

Wala kurunzi ya mashaka haikuzimwa baada ya hapo. Septemba 2022 waziri mkuu Alain-Guillaume Bunyoni, jenerali wa polisi na mwenzao wa msituni, alifukuzwa kazi siku chache baada ya Rais Ndayishimiye kuzungumzia hadharani watu wanaotaka kumpindua; Desemba 2023 akahukumiwa kifungo cha maisha. Chama kimoja, msitu mmoja, vita vimoja walivyopigana pamoja. Hofu ile ile ya Rutovu imehamia kwa warithi.

Na sisi tusijipige kifua. Njia panda ya Tinde haiko mbali na Tabora, na Tabora ilikuwa na kambi. Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kesho yake wenzao wa Tabora wakawafuata. Walidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Hawakuwa na nia ya kutawala, lakini kwa siku kadhaa serikali haikuwa na mlango wa kufunga, na ilibidi makomando wa Kiingereza waitwe kuwanyang'anya silaha, aibu ambayo Mwalimu Nyerere hakuificha. Jeshi lile lilivunjwa, na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka ule. Tulinusurika, na kunusurika si sawa na kuwa na kinga.

Huku visiwani jina la Mapinduzi limo katika jina la serikali yetu, na mjadala wa Januari 1964, ulikuwa mzigo gani kati ya ile miwili, ni mrefu na una majeraha. Siufungui leo. Nataka jambo moja tu litazamwe na kila upande: mtu aliyetutangazia redioni kwamba yeye ni “Field Marshal”, John Okello, kufikia Machi ya mwaka ule alikwisha kuzuiwa asikanyage tena visiwa hivi. Na tarehe 7 Aprili 1972 risasi zilizomuua Mzee Abeid Amani Karume zilipigwa na mtu aliyevaa sare. Yaliyomo Rutovu hatuyasomi kama wageni.

Narudi kwa washairi. Sisi wa pwani tulikwisha kufunzwa somo hili kabla ya kuwapo redio. Katika kisa cha Fumo Liyongo, mfalme alimwogopa shujaa, akamtafuta wa kumuua, akampata mwanawe. Kijana aliahidiwa cheo na ndoa, akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Alipokwenda kudai ahadi, akafukuzwa. Mfalme hakutaka kuishi na mtu aliyekwisha kujua namna ya kuua mkubwa. Karne nzima za watu wa mwambao wamekiimba kisa hicho, na hakuna malenga aliyemfanya mwenye sindano kuwa shujaa.

Kwa nini basi leo tunamtungia mwenye sindano? Nitajibu bila kuficha: kwa sababu sifa ni rahisi, na tarehe ya shairi husahaulika. Aliyemsifu Micombero alimgeukia Bagaza, aliyemsifu Bagaza akamgeukia Buyoya, na vina ni vile vile. Mshairi wa namna hiyo hana tofauti na askari wa zamu, humpigia saluti yeyote apitaye langoni. Wakati huo huo mama aliyezikwa Ulyankulu hana beti moja. Dereva wa lori, aliyewahi kupita Tinde akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, hana beti moja.

Sisemi mshairi asikasirike. Akasirike. Amkemee mwizi wa kura kwa jina lake na kwa tarehe yake, hilo ni jukumu na lina gharama. Lakini asimwite askari amsaidie kumaliza shairi. Akimsifu, na amsubiri hadi miaka kumi baada ya kutoka kitini kwa miguu yake mwenyewe. Tuone kama wino utahitajika.

Pale Tinde yule utingo hakujibu tena. Dereva alilipa chai yake, akamlipia na kijana yake, akapanda lori akashika njia ya Kahama. Mimi nilibaki na ubeti huu mmoja, nao ndio mchango wangu katika malumbano haya. Mwenye jawabu na alete:

Chombo kizamapo pwani, nahodha hatasifiwa,
Havikwi yeye nishani, na watu waliofiwa,
Vipi mtoka kambini, shujaa huyo akawa?
Mpinduaji yakini, naye atapinduliwa.